Je, Dawa ya Saratani Hujuaje Uvimbe Uko Wapi?

Haijui. Baadhi ya dawa hizi hutiwa ndani ya chembe za nano, yaani chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, lakini hakuna chembe inayowinda saratani mwilini, hata kama ujumbe ule unaozunguka kwenye WhatsApp kuhusu "nano inayosaka kansa" unadai hivyo. Chembe hizi hubebwa na damu tu. Zinafika kwenye uvimbe kwa sababu ya mambo matatu: ukubwa wake, ubovu wa mishipa ya uvimbe wenyewe, na muda zinaoweza kukaa kwenye damu bila kukamatwa.

Kwanza, kwa nini dawa ihitaji kubebwa? Chukua doksorubisini, ile dawa nyekundu ambayo wengi waliotibiwa saratani ya matiti hapa Nairobi wanaikumbuka kwa rangi yake. Inaua seli zinazogawanyika upesi, ndiyo maana nywele hutoka na kinywa hupata vidonda. Hayo hupona. Shida kubwa ni moyo. Dawa hii huumiza misuli ya moyo, na madhara hujilimbikiza dozi baada ya dozi, kwa hiyo kila mgonjwa ana kiwango cha jumla asichopaswa kuvuka maishani. Inawezekana kabisa daktari akaisimamisha dawa ambayo bado inafanya kazi.

Katika miaka ya 1960, mtafiti Mwingereza Alec Bangham alionyesha kwamba mafuta ya aina ile inayounda utando wa seli, yakitiwa majini, hujikunja yenyewe na kuwa vifuko vidogo. Vifuko hivyo huitwa liposomu. Mwaka 1995 Marekani iliidhinisha Doxil, yaani doksorubisini iliyotiwa ndani ya liposomu, kwanza kwa saratani ya Kaposi kwa watu wenye UKIMWI. Kila kifuko kina upana wa nanometa zipatazo 100. Unywele mmoja una upana wa nanometa kama 80,000.

Ukubwa huo haukuchaguliwa ovyo. Mishipa midogo ya moyo ina kuta zilizoshikana vizuri, na kifuko cha nanometa 100 hakipenyi. Uvimbe, kwa kuwa unakua kwa pupa, hujijengea mishipa haraka haraka, yenye mianya. Kifuko huchuruzika humo, na kwa kuwa mifereji ya limfu ya uvimbe, ile inayoondoa maji yaliyovuja, nayo ni mibovu, hakiondolewi upesi. Wajapani Matsumura na Maeda walilieleza jambo hili mwaka 1986.

Lakini kabla ya kufika huko kuna ini. Seli walinzi zilizomo kwenye ini na wengu hufanya kazi ya askari wa geti la ploti: mgeni yeyote asiyeeleweka anazuiliwa hapo hapo. Protini za damu huganda juu ya chembe na kuitia alama, kisha walinzi huimeza. Ndiyo sababu Doxil ilivikwa nyuzi za kemikali iitwayo PEG, ambazo huvuta maji na kuzizuia protini zisigande mapema. Sehemu kubwa ya doksorubisini ya kawaida huondoka kwenye damu kwa dakika chache. Iliyovikwa hivyo huzunguka kwa siku mbili tatu. Muda huo mrefu una gharama yake: wagonjwa wengine huwa wekundu na kubambuka viganjani na kwenye nyayo.

Sasa, ni kiasi gani hufika? Mwaka 2016 watafiti wa Toronto walikusanya tafiti za miaka kumi, nyingi za panya, wakakuta kwamba kwa wastani asilimia 0.7 tu ya dozi ya chembe huingia kwenye uvimbe. Ndiyo, chini ya moja kwa mia! Kwangu mimi, neno "kulenga", linalotumiwa kusema kwamba chembe hizi huenda moja kwa moja kwenye uvimbe, linasifiwa kupita kiasi. Mafanikio makubwa ya Doxil ni kuukosa moyo, na hilo si dogo hata kidogo.

Kwenye kupiga picha, tabia hiyo hiyo ya ini hugeuka faida. Chembe za oksidi ya chuma hutia giza kwenye picha ya MRI (kipimo kinachopiga picha ya ndani ya mwili kwa sumaku) pale zilipomezwa. Ini lenye afya huzimeza na kuwa jeusi. Uvimbe ulio kwenye ini kwa kawaida una walinzi hao wachache, hivyo hubaki uking'aa katikati ya giza. (Usichanganye hii na PET, kipimo kingine cha picha, kama ile ya hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Hiyo kwa kawaida hutumia sukari yenye florini-18, inayotoa mionzi, ambayo ni molekuli tu, si chembe ya nano.)

Picha na dawa zimeanza kukutana. Si kila uvimbe una mishipa inayovuja: ule wa kongosho, kwa mfano, mara nyingi umebanwa na nyama ngumu. Katika utafiti mdogo uliochapishwa Marekani mwaka 2017, wagonjwa walipewa kwanza chembe za chuma na kupigwa MRI, kisha wakatibiwa kwa dawa nyingine ya liposomu, irinotekani. Vivimbe vilivyonyonya chuma zaidi ndivyo vilivyoelekea kupungua zaidi. Kwa hiyo badala ya kubahatisha, daktari angeweza kuangalia kwanza uvimbe wa nani unavuja, ndipo aamue nani apewe dawa hiyo na nani atafutiwe njia nyingine.