Kesi "imetupwa": soma mstari wa mwisho kwanza

Wiki iliyopita nimeulizwa tena. Safari hii ni mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, kanipigia kumsemea jirani yake aliyefukuzwa kazi kwenye halmashauri. "Dada, kesi yake imetupwa. Mahakama imesema hana haki. Afanye nini?" Nikamwambia anisomee mstari wa mwisho wa uamuzi. Kimya. Hakuwa nao, na jirani mwenyewe hajawahi kuusoma. Aliyemwakilisha alimwambia "imetupwa", jirani akaikunja karatasi na kurudi nayo nyumbani. Miezi miwili imeshapita.

Mimi ni Wakili wa Serikali hapa Tanzania, upande wa madai na ajira. Siendeshi mashtaka ya jinai. Hiyo ni kazi ya Ofisi ya Taifa ya Mashtaka. Mashauri ya madai yanayoihusu Serikali, tangu mwaka 2018, yanasimamiwa na Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kusimama mbele ya jaji au mwamuzi na kumwomba asiisikilize kesi ya mtu. Ndiyo maana neno hili "imetupwa" linaniuma kuliko watu wanavyodhani. Najua nilichoomba na najua nilichopewa, na mara nyingi aliyeshindwa anaondoka akiamini kitu ambacho hakuna aliyekitamka.

Katika Kiswahili cha mitaani, na cha mawakili wengi tu, "kutupwa" kumekuwa gunia la mambo manne. Kwa miaka mingi amri zetu ziliandikwa kwa Kiingereza na mteja akatafsiriwa kwa mdomo pale nje ya chumba cha mahakama, kwa haraka, huku wakili akiwahi kesi nyingine. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, na amri nyingi sasa mwananchi anaweza kuzisoma mwenyewe. Lakini gunia limebaki.

La kwanza ni shauri kufutwa, au kama baadhi ya majaji wanavyoandika, kuondoshwa mahakamani. Hapo mahakama inasema lililoletwa halikuletwa inavyotakiwa, kwa hiyo mbele yake hakuna shauri la kuamuliwa. Kama ulidhulumiwa au hukudhulumiwa, hilo halijaguswa. La pili ni shauri kutupiliwa mbali, yaani mahakama imelimaliza, ama baada ya kupima ushahidi, ama kwa sababu muda wa kudai umekwisha. Kifungu cha 3 cha Sheria ya Ukomo wa Muda kinaiagiza mahakama ilitupe shauri lililochelewa hata kama mdaiwa hakulisema hilo. La tatu ni kutupwa kwa kutofika: hukuonekana siku ya kusikilizwa, na dawa yake ni kurudi mahakama ile ile kuomba shauri lirejeshwe na kueleza kilichokuzuia. La nne ni mdai kuliondoa shauri mwenyewe, na hapo la kuangalia ni kama aliomba ruhusa ya kulifungua tena. Kama hakuomba, amejifungia mlango.

Tofauti ya mawili ya kwanza si ujanja wa mawakili wa leo. Mwaka 1959 iliyokuwa Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki, katika shauri la Chama cha Ushirika cha Ngoni-Matengo, ilisema rufaa isiyo halali haitupiliwi mbali bali inafutwa, kwa sababu kutupilia mbali maana yake kulikuwa na rufaa halali na imeamuliwa. Kila wakili hapa nchini ameisoma. Miaka yangu ya mwanzo nami niliomba kimazoea shauri "litupiliwe mbali kwa gharama" baada ya kujenga hoja nzima kwamba mahakama haina mamlaka ya kulisikiliza. Jaji akaniuliza, "Wakili, nitupe nini, wakati umetoka kuniambia hapa hakuna shauri?" Sijaomba hivyo tena. Wapo wanaoomba hivyo hadi leo, na jaji asipokuwa makini mdai anapewa amri nzito kuliko kosa lake. Ukiona amri imesema "limetupiliwa mbali" na sababu yake ni kasoro ya notisi au ya mamlaka, hapo pana hoja ya rufaa.

Sasa kwa nini mashauri dhidi ya Serikali yanafutwa kwa wingi? Kwa sababu ya milango, yaani hatua ambazo sheria inakutaka uzipitie kwanza, na nitapita haraka. Huishitaki Serikali bila kwanza kutoa notisi ya siku zisizopungua 90, inayoeleza msingi wa dai lako, kwa wizara, idara au ofisa anayehusika, na nakala kwa Mwanasheria Mkuu na Wakili Mkuu wa Serikali. Tangu marekebisho ya 2020 utaratibu huo unazihusu pia halmashauri, wakala na mashirika ya umma, shauri linafunguliwa Mahakama Kuu, na usipomuunganisha Mwanasheria Mkuu mwenendo wote unaharibika. Kama siku 90 ni nyingi na nyumba yako inabomolewa kesho, unaomba amri ya muda, ile tunayoiita amri ya Mareva, wakati notisi inaendelea kuhesabika. Watu hawaijui, na mawakili wanaojua hawaitumii inavyopaswa.

Upande wa ajira mlango ni mwingine, na hapo ndipo panapoumiza. Mfanyakazi wa kampuni binafsi akiachishwa kazi anajaza Fomu Na. 1 na kwenda CMA, chombo kinachosuluhisha na kuamua migogoro ya kazi, ndani ya siku 30. Mtumishi wa umma akifanya vilevile, amekosea njia. Sheria Na. 13 ya 2016 iliingiza kifungu cha 32A kwenye Sheria ya Utumishi wa Umma: mtumishi wa umma amalize kwanza nafuu zote, yaani njia zote za kutafuta haki, za sheria hiyo kabla ya kutafuta nafuu za sheria za kazi. Maana yake ni rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma ndani ya siku 45 tangu kupokea uamuzi wa mamlaka ya nidhamu, kisha kwa Rais. Mahakama ya Rufani imeshasema CMA haina mamlaka juu ya migogoro hiyo, na ilisema hivyo kwa mfanyakazi wa shirika la umma, si mtumishi wa wizara.

Nikiri ninachojiuliza. Kifungu kinasema "kabla ya". Mtu akisoma "kabla ya kutafuta nafuu za sheria za kazi" ana haki ya kuelewa kwamba ipo baadaye, kwamba akimaliza kwa Tume na kwa Rais ndipo CMA inafunguka. Mahakama haikukisoma hivyo, na mimi ninausimamia msimamo huo kila ninapopangiwa jalada la namna hiyo, kwa sababu ndiyo sheria ilivyo. Lakini bado sijaona jibu linaloniridhisha juu ya kazi ya neno lile. Baada ya Rais kinachobaki ni mapitio ya mahakama, ambako kibali unakiomba ndani ya miezi 6, na huko jaji anapima namna uamuzi ulivyofikiwa. Hapimi kama wewe ulikuwa mtoro au hukuwa. Kwa mtu anayetaka kusikilizwa juu ya ukweli wa tuhuma, Tume ndiyo nafasi yake kubwa, na wengi wanaipoteza wakiwa wamekaa kwenye benchi la CMA.

Kuna mzee mmoja sitamsahau. Alikuwa dereva wa taasisi moja ya umma. Alifukuzwa, akaenda CMA, taasisi ikafika, ikajitetea, ikaita mashahidi, na neno mamlaka halikutajwa hata mara moja. Mzee akashinda. Tuzo, yaani uamuzi wa CMA, ikatoka, tukaenda Mahakama Kuu kwa maombi ya marejeo, kuomba tuzo hiyo ipitiwe upya, na hapo hoja ya mamlaka ikaibuliwa, maana hoja ya mamlaka inaibuliwa hatua yoyote. Mimi ndiye niliyeisema. Mwenendo na tuzo vikabatilishwa. Nilimkuta ukumbini amesimama na bahasha ya kaki, kona zake zimeshonwa kwa selotepu. Nikamwamkia. Akaitikia, kisha akasema, "Mwanangu, hongera. Mahakama imesema mimi ni mwizi."

Hakuna aliyesema hivyo. Nilifungua nakala yake, nikaweka kidole kwenye aya ya mwisho, tukaisoma pamoja polepole: CMA haikuwa na mamlaka, mwenendo umebatilishwa, kila upande ubebe gharama zake. Neno wizi halikuwamo. Siruhusiwi kumshauri mtu wa upande wa pili, na sikumshauri. Nilimwambia tu aipeleke karatasi ile kwa mtoa msaada wa kisheria siku ile ile, kwa sababu huduma hiyo ina sheria yake tangu 2017 na haina malipo. Sijui kama alikwenda. Nilitimiza wajibu wangu siku ile na hoja yangu ilikuwa sahihi, ila kama taasisi ingeitaja hoja hiyo wiki ya kwanza, mzee angekuwa bado ndani ya muda wa kukata rufaa Tume. Tangu hapo, jalada la ajira likifika mezani kwangu natazama mamlaka kabla ya kitu kingine chochote, na nikiona mlango si wenyewe nasema siku ya kwanza.

Maana kufutwa kuna ubaya wake, na huu ndio ninaotaka uelewe kuliko yote: hakusimamishi saa. Ukiambiwa unaweza kurudi, hujaambiwa unaweza kurudi utakapopenda. Dai la fidia kwa jambo linalosemwa kufanywa kwa kutekeleza sheria lina mwaka mmoja tu. Dai la madhara ya kawaida lina miaka 3, la mkataba miaka 6. Ukikaa miezi kumi ukisikitika, kufutwa kwako kunageuka kutupiliwa mbali, na safari hii itakuwa kweli.

Yapo makimbilio. Kifungu cha 21 cha Sheria ya Ukomo kinakuruhusu kutoa kwenye hesabu muda uliotumia kwa nia njema na kwa bidii katika mahakama isiyo na mamlaka. Wengi wanakijua, ila wanasahau kwamba lazima msamaha huo uelezwe ndani ya hati ya madai yenyewe, kwa tarehe: nilifungua lini, lilifutwa lini, nimerudi lini. Nikipokea hati ya madai ya shauri la zamani, hiyo ndiyo aya ninayoitafuta kwanza. Isipokuwepo, naandika pingamizi la awali siku hiyo hiyo. Na usitegemee kanuni ya oksijeni, ile iliyoingia mwaka 2018 ili mahakama zisizame kwenye ufundi. Haiponyi kasoro ya mamlaka wala ya kuchelewa.

Kimbilio lingine ni kifungu cha 44: Waziri mwenye dhamana ya sheria anaweza kuongeza muda wa kufungua shauri la madai kwa hadi nusu ya muda uliowekwa, akiona ni haki, baada ya kushauriana na Mwanasheria Mkuu. Mwanasheria Mkuu ndiye mdaiwa wako. Sidai kwamba ushauri unapotoshwa, lakini kama ningekuwa mdai ningetamani aulizwe mtu mwingine.

Jirani alinitumia picha ya uamuzi jioni ile. Kwanza haikuwa mahakama, ilikuwa CMA. Mstari wa mwisho unasema mgogoro umefutwa kwa kukosa mamlaka. Siku 45 za Tume zimepita, kwa hiyo atalazimika kuomba rufaa yake ipokelewe nje ya muda. Mimi siwezi kumwandikia. Nilimwambia mdogo wangu amsaidie kupanga tarehe kwenye karatasi moja: siku aliyopokea barua ya kufukuzwa, siku aliyojaza Fomu Na. 1, siku mgogoro ulipofutwa, na kila siku iliyofuata mpaka leo, na alikuwa wapi. Kesho asubuhi anakwenda kwa watoa msaada wa kisheria akiwa na karatasi hiyo, barua ya kufukuzwa na bahasha aliyoletewa, kwa sababu muhuri wa posta una tarehe.