Bomu limelipuka wapi? Watu wanavyodhani na ilivyo kweli

Wengi wanadhani mlipuko wa nyuklia chini ya ardhi ukishanaswa na stesheni zenye mitambo ya kupima mitetemo ya ardhi, kompyuta inatoa nukta moja kwenye ramani na kazi imeisha. Sio hivyo jamani. Kinachotoka ni duaradufu, yaani eneo ambalo tukio kuna uwezekano mkubwa limo ndani yake, na mkataba wa CTBT wa 1996, ule wa kupiga marufuku majaribio yote ya nyuklia, unasema wakaguzi wakienda kukagua eneo lisizidi kilomita za mraba 1,000, kwa hiyo duaradufu ikikaa pembeni wanaweza kupekua porini bure kabisa.

Halafu kuna hii ya "ongezeni tu stesheni", hii ndio naisikia kila mara na ndio inapotosha kuliko zote. Oktoba 1965 Marekani walilipua bomu la Longshot kisiwani Amchitka, Alaska, makusudi kabisa ili wapime mitetemo yake, mahali panajulikana, data zikatoka stesheni nyingi duniani, na bado hesabu ikalitupa zaidi ya kilomita 20 kaskazini! Sababu ni kwamba chini ya visiwa vile bamba la Pasifiki, yaani kipande kikubwa cha tabaka la juu la dunia, limezama, ni mwamba wa baridi unaopitisha mawimbi haraka kuliko lilivyodhani jedwali, yaani orodha ya muda ambao wimbi linatarajiwa kutumia kufika stesheni, na jedwali likiwa na kosa, stesheni mia zinakosea kwa pamoja, duaradufu inazidi kuwa ndogo huku imekaa mahali pasipo pake.

Dawa yake ni kusahihisha njia ya wimbi. Unachukua tukio ambalo sehemu yake inajulikana, tuseme mlipuko wa mgodini, jedwali linasema wimbi lifike stesheni fulani sekunde ya 100, likafika ya 98. Hizo 2 zitajirudia kwa kila tukio la hapohapo, so unaziandika na kuzitoa. Sio kitu kidogo, chini ya gamba la dunia wimbi linakimbia kama kilomita 8 kwa sekunde.

Na wanaosema mitetemo haiwezi kutenganisha majaribio ya mlima mmoja, waangalie Punggye-ri, uwanja wa majaribio ya nyuklia wa Korea Kaskazini. Majaribio 6 kati ya 2006 na 2017, njia za mawimbi karibu zilezile, ukiyalinganisha moja kwa lingine kosa la njia linajifuta na umbali kati yao unaonekana vizuri sana.

Nayo ile kwamba kilomita kadhaa sio ishu? Agosti 1997 mtetemo wa karibu na Novaya Zemlya, visiwa vya Urusi vyenye uwanja wa majaribio ya nyuklia, ulifanya Urusi ishukiwe kufanya jaribio, hesabu zilipokaa sawa ukaonekana uko chini ya bahari ya Kara, zaidi ya kilomita 100 kutoka uwanja huo.