Sesheni Si Mtumiaji: Dhana Potofu Kuhusu Data ya Pamoja ya Funksheni za PostgreSQL

Karibu kila mfumo ninaoitwa kuukagua una funksheni inayoweka namba ya mtumiaji ndani ya %_SHARED ya PL/Perl au GD ya PL/Python (hifadhi za pamoja za funksheni za hifadhidata ya PostgreSQL zilizoandikwa kwa Perl au Python) ili funksheni nyingine iisome baadaye, na wenye mfumo huniambia kwa yakini kwamba data hiyo ni ya mtumiaji aliyeingia na itafutika atakapotoka. Si kweli. PostgreSQL huanzisha prosesi moja kwa kila muunganisho, na data hiyo hukaa katika kumbukumbu ya prosesi hiyo tu, bila kujua ni nani aliyefungua tovuti.

PgBouncer, programu ya kugawana miunganisho, ikiwekwa katikati na kugawa miunganisho kwa kila muamala (kundi la amri zinazokamilika au kutenguliwa pamoja), maombi mawili ya mtu mmoja huweza kuangukia prosesi mbili, moja ikiwa na data na nyingine tupu. Hata ikigawa kwa sesheni, yaani muunganisho mmoja kwa mteja hadi aondoke, hatari ipo: mteja akiondoka, muunganisho husafishwa kwa DISCARD ALL na kukabidhiwa mwingine, lakini amri hiyo, ingawa hurejesha mipangilio na kufuta majedwali ya muda, haigusi %_SHARED wala GD, hivyo anayefuata hurithi namba ya aliyemtangulia. Mwandishi wa programu haoni kasoro hii kwa sababu kwenye kompyuta yake yuko peke yake, na "kwangu inafanya kazi" ni jibu nililokwisha kulichoka.

Wengine huamini kwamba ROLLBACK, amri ya kutengua muamala, hurudisha kila kitu. Jedwali la muda na thamani iliyowekwa kwa set_config (funksheni ya kuweka mpangilio) hurudi zilivyokuwa. Kilichoandikwa katika GD hubaki. Wengine huchanganya GD na SD, hifadhi nyingine ya PL/Python, ilhali SD ni ya funksheni moja pekee. Katika PL/Perl, funksheni mbili zinazoendeshwa kwa roli (akaunti za hifadhidata) tofauti, kwa mfano moja ikiwa SECURITY DEFINER, yaani huendeshwa kwa haki za mwenye funksheni, ya roli nyingine, hazioni %_SHARED moja, kwa kuwa kila roli ina intapreta (kiendesha msimbo wa Perl) yake.

Mimi hushauri set_config('mfumo.mtumiaji', '42', true) mwanzoni mwa kila muamala, ambapo true huifanya thamani idumu ndani ya muamala huo tu, kisha kuisoma kwa current_setting('mfumo.mtumiaji', true), jambo ambalo hata PL/pgSQL, lugha ya funksheni ya PostgreSQL yenyewe, huweza. Muamala ukiisha, muunganisho uleule hurudisha matini tupu badala ya NULL, kwa hiyo pima yote mawili. Na kwa kuwa yeyote anayeweza kuendesha SQL yake anaweza kuibadili thamani hiyo, usiitegemee kumzuia mtu wa namna hiyo.