Marcos, gari la plaiwudi, na kwa nini naanza kuligonga kabla sijafungua boneti

Juzi nimetupia picha ya kazi yangu kwenye grupu la ukoo, shangazi akajibu "hicho kitanda cha nani?" Sikumlaumu, maana ilikuwa mbao tupu imelala chali juu ya vigoda. Ni Marcos 1800 GT ya miaka ya 60, gari la spoti la Kiingereza, na ndiyo, chasisi yake, yaani mifupa inayobeba gari zima, ni plaiwudi ya kugundisha.

Mi nakarabati magari ya zamani hapa Uingereza mwaka wa 12 sasa. Nimeshika Lotus, nimeshika Morgan (ile watu wanaiita gari la mbao, kumbe mbao ni fremu ya bodi tu, chasisi ya zile za zamani ni chuma), lakini Marcos ndo inanirudisha Tanga kwa marehemu baba, alikuwa fundi mashua, na nikiwa mtoto kazi yangu ilikuwa kumshikia ubao huku nasemwa kwamba naushika vibaya.

Kampuni yenyewe ilianza 1959, watu wawili, Jem Marsh na Frank Costin, jina wakalikata humohumo kwenye majina yao, Mar na Cos. Mdogo wake Frank anayeitwa Mike alishafanya mchezo huohuo mwaka mmoja nyuma na Keith Duckworth, ikatoka kampuni ya injini ya Cosworth, kwa hiyo hiyo Cos mnayoiona kwenye injini za mashindano ni ya nyumba moja. Sasa Frank alikuwa mtu wa ndege, kwenye kampuni ya ndege ya de Havilland, wale waliounda Mosquito kwenye Vita vya Pili, ndege ya kivita ya mbao na gundi. Mtu aliyetoka sehemu kama hiyo ukimwambia gari la mbao haoni ajabu yoyote, anakuuliza tu unataka liwe jepesi kiasi gani.

Na gari la kwanza lilikuwa baya jamani, sura kama limeunganishwa na watu wanne ambao hawaongei, ila kwenye mbio lilikuwa linawatoa watu jasho. Jackie Stewart, kabla hajawa bingwa wa dunia wa Formula 1 mara 3, ni kati ya walioliendesha akiwa bado kijana anaanza. Hii 1800 GT ya 1964 ndo nzuri, ilichorwa na Dennis Adams akiwa na ndugu yake Peter, ipo chini mpaka unaingia kama unalala, na injini ni ya Volvo, cc 1,778.

Turudi kwenye mbao. Plaiwudi ni karatasi nyembamba za mti zimepangwa, ya kwanza nyuzi zinaenda huku, ya pili zinakatiza, ya tatu zinarudi kama ya kwanza, ndo maana haipasuki kama kuni. Ila bapa moja peke yake linakunjika, kwa hiyo lazima ulifanye sanduku. Chukua boksi la viatu ulitoe mfuniko ulikamue kama nguo, linapinda lote, halafu gundisha mfuniko ujaribu tena. Marcos ni hivyohivyo, masanduku mawili marefu chini ya milango, handaki la katikati inapopita propela shafti (chuma kinachopeleka nguvu ya injini magurudumu ya nyuma), na kuta za kukatiza mbele na nyuma ya watu, alafu bodi ya faibaglasi inagundishwa juu na yenyewe inasaidia kubeba. Chuma ukichomelea, mzigo wote unakimbilia pale pa kuchomelea, lakini gundi inaugawa kwenye eneo lote la kiungo. Gari zima halifiki kilo 900, wakati Toyota IST tunayoijua wote ni kama tani moja, kwa hiyo ile injini ya Volvo haina mzigo wa maana na kona unaikata bila gari kukulalia.

Watu wananiuliza mchwa. Mchwa sio shida ya huku, shida ni maji, na hasa maji yaliyofungiwa. Ubao ukilowa ukakauka hauna neno, mashua inalowa maisha yake yote, lakini ukilowa halafu ukazibiwa juu unaoza kimyakimya. Ndo maana gari likija siangalii injini, nachukua kinyundo cha plastiki nagonga sakafu, chini ya milango, na pale saspensheni ya chuma inapofungwa kwenye ubao. Mbao nzima inalia kavu, tk tk, iliyooza inajibu kama unagonga mkate. Hii niliyonayo sasa fundi mmoja huko nyuma, simtaji, aliona unyevu akamwagia rezini na faibaglasi juu akapiga rangi nyeusi, ikapendeza kweli, nami nilipoingiza bisibisi ikazama yote mpaka mpini. Nilikaa chini kwanza.

Kuitengeneza ni kukata mpaka ukute mbao safi, sio safi-kiasi, safi, kisha unaunga kwa mshazari mrefu ili gundi ipate pa kushika, unabana klampu unaiacha. Haina haraka hii kitu, na huo uchelewaji ndo ulioiua chasisi ya mbao kiwandani. Chasisi moja ilikuwa vipande 386 vya mbao, fikiria unakata vyote, unapaka, unasubiri vikauke, na mshahara wa watu unakimbia, ndo maana mwishoni mwa 1969 wakahamia chasisi ya chuma. Mwaka 1971 kampuni ikaanguka, ingawa Jem Marsh alikuja kuifufua miaka ya 80.

Kitu kingine ninachokipenda, viti havisogei. Vimejengwa humohumo kwenye gari, kwa hiyo ukiwa mrefu au mfupi unasogeza pedali zikufuate. Marsh mwenyewe alikuwa mrefu sana, nadhani alichoka kugonga magoti. Mwenye gari hili ni mfupi, kaja jana kujaribu kukaa kwenye mbao tupu, nikamwambia asiguse upande wa kulia, bado klampu 14 zimebana na gundi nimepaka asubuhi.