Je, wajua kwa nini mtoto aliyepoteza kiungo, vitani au kwa kushambuliwa na watu, hatibiwi mara moja tu?

Mwaka 2015 watoto wa Kitanzania wenye ualbino, waliokatwa viungo na watu wanaoviuza kwa waganga, walipelekwa Marekani kuwekewa mikono bandia. Niliwaona kwenye taarifa ya habari nikashusha pumzi: angalau hawa wamepata. Mwaka 2017 nikasikia baadhi yao wamerudi kulekule. Nikadhani mikono ile imeharibika. Sivyo. Ilikuwa mizima, ila wenyewe walikuwa wamekua.

Mfuko uliowapeleka una makao yake Staten Island, New York. Elissa Montanti aliuanzisha mwaka 1997 kwa ajili ya mvulana mmoja wa Bosnia aliyelipukiwa na bomu la kutegwa ardhini. Marekani na washirika wake walipoivamia Iraq Machi 2003, watoto wa Iraq nao wakaingia kwenye orodha yake. Huko Los Angeles kulikuwa na kikundi kingine, No More Victims, kilichoanzishwa na Cole Miller mwaka 2002, ambacho kiliwaomba watu wa mji mmoja wambebe mtoto mmoja: watafute hospitali ya kumtibu bure, wachangishe nauli, wapate familia ya kumpokea yeye na mzazi wake, na mtu anayejua Kiarabu wa kukaa naye usiku anapoamka analia. Hizo ni kazi za watu waliokuwa na ajira zao, wakifuatilia viza wakati wa chakula cha mchana.

Picha ya mtoto mmoja ndiyo iliyowajulisha wengi wetu habari hizi. Ali Ismail Abbas alikuwa na miaka 12 kombora lilipopiga nyumba yao Baghdad mwaka 2003. Alipoteza wazazi wake na mikono yote miwili, na mwili ukaungua vibaya. Aprili alihamishiwa Kuwait, Agosti akafikishwa Uingereza kutengenezewa mikono. Ukisoma magazeti ya wakati ule unapata safari yenye mwanzo na mwisho: bomu, ndege, hospitali, mikono mipya. Mimi nilifunga ukurasa hapo, nikakaa na picha hiyo kichwani kwa zaidi ya miaka kumi.

Kwa mtu mzima, picha hiyo haiko mbali sana na ukweli, maana kiungo bandia chake hudumu miaka 3 hadi 5. Kwa mtoto anayekua, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu imekuwa ikitaja miezi 6 hadi 12. Katika hesabu zake kuhusu majeruhi wa mabomu ya ardhini, mtoto wa miaka 10 anayetarajiwa kuishi miaka 40 au 50 zaidi atahitaji viungo bandia 25. Soma tena namba hiyo ukiwa na tiketi moja ya ndege mkononi.

Unaweza kusema: anarefuka, basi warefushe bomba la mguu. Nami nilisema hivyo. Lakini shida kubwa imo ndani ya kigutu chenyewe, yaani kile kipande cha kiungo kilichobaki baada ya kukatwa.

Uchukulie mfupa wa paja kama ukuta wenye mafundi wawili, mmoja kila ncha. Fundi ni tabaka jembamba la gegedu, ule mfupa laini kama wa sikioni, lililo karibu na ncha ya mfupa, linalozalisha gegedu mpya ambayo nyuma yake hugeuka mfupa. Mafundi hawa hawana kasi moja. Katika kila tofali 10, yule wa gotini hupanga kama 7, na wa nyongani 3. Bomu likimkata mtoto juu ya goti, anayeondoka ni fundi hodari. Paja la upande usioumia linaendelea kurefuka, lililokatwa linajikongoja na fundi aliyebaki. Mtoto aliyeumia akiwa na miaka 4, na kigutu cha kutosha kabisa, anaweza kuufikia ujana akiwa na kigutu kifupi kisichoushika vizuri mguu bandia.

Kwenye mkono wa juu mambo ni kinyume. Fundi hodari yuko begani, tofali kama 8 katika 10. Mkono ukikatwa karibu na kiwiko, yeye anaendelea na kazi kama kawaida.

Halafu kuna hili, ambalo kwangu ni la ajabu kuliko yote. Umeona mwarobaini uliokatwa unavyochipua palepale kwenye jeraha? Mfupa wa mtoto hufanya jambo linalofanana na hilo. Ncha iliyokatwa huota mwiba mwembamba kama penseli iliyochongwa, ukasukuma nyama mpaka ngozi ya kigutu inakuwa nyekundu na kung'aa, na wakati mwingine inatoboka. Hutokea zaidi kwenye mkono wa juu na kwenye mifupa ya mguu chini ya goti. Madaktari wa zamani walimlaumu fundi wa juu, wakaamini anausukuma mfupa ushuke. Walipousimamisha ukuaji wa juu kwa upasuaji, mwiba ukaendelea kuota. Kumbe chanzo ni ncha yenyewe. Kwa nini hasa ifanye hivyo kwa watoto na mara chache sana kwa watu wazima, wataalamu bado wanajadiliana.

Tiba ni kuukata. Ukiota tena, unakatwa tena, au ncha inavikwa kofia ya gegedu iliyotolewa sehemu nyingine ya mwili. Ndiyo maana daktari wa watoto akiwa na nafasi hupendelea kukata kwenye maungio, gotini penyewe kwa mfano: ncha yenye gegedu yake haioti mwiba, na fundi hodari wa paja anabaki kazini. Lakini bomu halichagui pa kukata, na daktari mwenye majeruhi wamelazwa mpaka kwenye korido anakata panapookoa maisha.

Fundi wa viungo bandia naye ana njia zake za kununua muda, na mama yeyote aliyewahi kununua sare ya shule kubwa kidogo akakunja pindo atazielewa. Kikombe kinachopokea kigutu hutengenezwa kikiwa na nafasi, kisha mtoto anavalishwa soksi kadhaa juu ya kigutu, moja juu ya nyingine. Kigutu kikinenepa, soksi moja inavuliwa. Ili kujua urefu, fundi humsimamisha mtoto, huweka viganja vyake juu ya mifupa miwili ya nyonga, na kuongeza vibao vyembamba chini ya mguu bandia mpaka viganja vilingane. Soksi zikiisha, pindo limeisha.

Walioungua wana yao. Kovu na ngozi iliyopandikizwa ni kama kiraka cha turubai kwenye fulana: fulana inavutika, kiraka hakivutiki. Kikiwa shingoni au kwenye kiwiko, mtoto anavyokua ndivyo kinavyomkunja, mpaka kifunguliwe kwa upasuaji.

Kwa hiyo mahali pa kutibiwa ni jambo zito kuliko nilivyodhani. Madaktari Wasio na Mipaka walianza upasuaji wa kurekebisha majeruhi mjini Amman, Jordan, mwaka 2006, kwanza kwa Wairaki, baadaye kwa watu wa Syria, Yemen na Gaza pia. Kutoka Baghdad, Amman ni safari ya barabara moja kuelekea magharibi, na mgonjwa anaweza kurudi. Aliyepelekwa Marekani anategemea kwamba wale waliompokea akiwa na miaka 5 bado watapokea simu akiwa na miaka 13.

Tabaka zile za gegedu hufunga karibu miaka 14 hadi 16 kwa wasichana, 16 hadi 18 kwa wavulana. Mvulana aliyekuwa na miaka 2 wakati wa mapigano ya mji wa Fallujah, Iraq, mwaka 2004 alifikia hapo kati ya 2018 na 2020. Kabla ya hapo, ilibidi kila mara awepo mtu wa kumvua soksi moja, kumpima nyonga, na kuandika barua nyingine ya kuomba viza.