Mei ni bei rahisi kwa sababu boti ziko mchangani

Ujumbe unafanana, uwe umetoka Kampala, Kigali au Mwanza: "Kaka, nimeona hoteli za Watamu zimeshuka hadi nusu bei mwezi wa tano. Nipangie siku nne za kuvua nduaro." Kazi yangu ni kuwapangia wageni wa nchi jirani safari za uvuvi huku pwani ya Kenya, na masika yakikaribia tu najua simu zitaanza. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, basi nayaandika yote hapa: kila dhana ninayoletewa, na jibu langu chini yake.

"Wakati wa watalii wachache ndio wakati wa safari ya bei rahisi"

Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu anayeiamini hujiona mjanja. Chumba kimeshuka bei, ni kweli. Lakini hukuja kuvua samaki chumbani.

Kuanzia Aprili upepo wa kusi unashika pwani yetu, na kati ya Mei na Agosti unavuma kwa nguvu zake zote. Ndani ya mwamba wa matumbawe unaokinga ufuo unaweza kudhani mambo ni shwari. Nje ya mwamba, ambako samaki unaowataka wanaishi, ni wimbi juu ya wimbi. Wenye boti wa Watamu hawangoji kuambiwa. Wanazitoa majini, wanafungua injini, wanaziba nyufa na kupaka rangi, na nahodha anakwenda kwao kupumzika. Ukifika wewe na kofia yako utapata kitanda kizuri, bwawa la kuogelea na mvua.

Halafu kuna suala la maji yenyewe. Mto Sabaki unamwaga maji yake baharini kaskazini kidogo ya mji wa Malindi, na mvua za bara zikinyesha unashuka na tope la kutoka mbali huko. Bahari ya karibu inageuka rangi ya chai ya maziwa. Mbasi na nduaro, wale samaki wakubwa wenye mdomo kama mkuki, huwinda kwa macho. Wanapenda maji ya buluu yanayopenya mwanga, na chambo chako kikizama kwenye tope ni kama hukukitupa.

Sasa geuza kalenda. Kuanzia Novemba mpaka Machi ni kaskazi. Mkondo wa Somalia, ambao wakati wa kusi hukimbilia kaskazini, sasa unateremka kusini na kukutana na mkondo wa pwani yetu unaopanda. Mikondo hiyo ikigongana mbele ya pwani ya kaskazini ya Kenya, maji ya chini yenye rutuba yanapanda, vidagaa vinakusanyika, na nyuma ya vidagaa wanafuata wakubwa wao. Ndiyo maana kile kilima cha chini ya bahari kinachoitwa North Kenya Banks kina sifa duniani kote miongoni mwa wavuvi wa nduaro. Hakikupata sifa hiyo mwezi wa Juni.

Kwa hiyo mwaka wa mvuvi mgeni uko hivi. Septemba na Oktoba, kusi ikilegea, njoo kwa jodari. Novemba hadi Januari ni mbasi, na mara nyingi hawako mbali na pwani. Januari hadi Machi ni nduaro, na hao unawafuata mbali. Nguru na fulusi wanaingia humo katikati, kwa hiyo hutarudi ukilalamika.

Tuje kwenye hesabu, maana hapo ndipo wateja wangu wanapopotea. Tuseme chumba ni shilingi 8,000 za Kenya kwa usiku wakati wa kaskazi, na 5,000 mwezi wa Mei. Kwa usiku nne umeokoa 12,000. Haya, na boti? Tuseme 60,000 kwa siku nzima. Hiyo ndiyo safari yako. Chumba ni cha kuwekea begi. Boti inakodiwa nzima, si kwa kichwa, kwa sababu injini mbili zinakunywa mafuta yaleyale ukiwa peke yako au mkiwa wanne. Mkiwa wanne kila mmoja atatoa 15,000. Anayekuja peke yake mwezi wa Mei kwa ajili ya punguzo la chumba, kisha akabahatika kupata nahodha mmoja mwenye njaa wa kumtoa, atalipa yote 60,000 ili akatapike. Wanaookoa pesa ni watu wanne wa Februari.

Ukitaka kubana zaidi, bana hapa: epuka wiki ya Krismasi hadi baada ya mwaka mpya, na epuka Pasaka, maana siku hizo vyumba vinapanda na boti zimeshikwa zamani. Katikati ya Novemba, au baada ya tarehe 10 Januari, bei zinarudi chini na samaki bado wapo. Ukitaka mbasi peke yake, kodi boti nusu siku. Ukitaka nduaro, usidanganywe na nusu siku: mtafika, mtaangaliana, mtageuza.

Hapa kuna anayenijibu, "Lakini rafiki yangu alikwenda Juni akavua." Sibishi. Ndani ya hori ya Mida, hapo karibu na Watamu, kuna kolekole na changu hata kusi ikivuma, na huwa inatokea asubuhi moja upepo ukalala kabisa. Mtu wa Malindi anaweza kuamka asubuhi hiyo akachukua mshipi wake. Wewe uliyepanda basi kutoka Kampala huwezi kuipanga asubuhi hiyo miezi miwili kabla.

Jambo moja zaidi kabla sijaondoka kwenye kalenda: angalia na mwezi wa angani. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya pwani hii hupanda na kushuka karibu mita 4. Kwa mwenye boti kubwa anayekwenda nje hilo hubadilisha saa ya kutoka tu. Kwa anayetaka kuvua karibu na mwamba au horini kwa boti ndogo ni jambo zito, maana maji yakipwa utabaki unatazama matope. Huyo namwambia aje siku za maji mafu, yaani za katikati ambapo maji hayapandi wala kushuka sana, na hataki kunisikia mpaka ayaone kwa macho yake.

"Kitambulisho cha taifa kinatosha"

Kwa Mganda na Mnyarwanda, ndiyo, tangu 2014. Kwa Mtanzania, Mrundi na Mkongo, hapana: njoo na pasipoti. Viza haihitajiki, lakini pasipoti inahitajika, na ofisa wa mpakani Namanga hatajali kwamba boti yako inatoka saa kumi na mbili kesho asubuhi. Na kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe mfukoni. 

"Lazima nije na vifaa vyangu"

Boti za uvuvi wa kukodi zina fimbo, rili, mishipi na chambo, na vimo ndani ya bei. Fimbo uliyoizoea kwa sangara wa ziwani haitamstahimili nduaro, na mzigo mrefu ni adha kwenye basi na ndege. Leta miwani inayokata mng'ao wa maji, kofia yenye kamba na shati la mikono mirefu. Basi.

"Nitauza samaki nirudishe nauli"

Hii husemwa kwa utani, kisha naona mtu amebeba ndoo ya barafu. Desturi ya hapa ni kwamba samaki ni wa boti, na mgeni hupewa kitoweo chake. Mbasi na nduaro wengi hawapandishwi kabisa: wanawekwa alama na kuachwa waende, na taarifa zao hupelekwa kwa African Billfish Foundation hapa Watamu, ambao hufuatilia wanakokwenda. Kama hilo linakukera, mwambie nahodha mapema kwamba unataka jodari, fulusi na nguru, na mtaelewana.

"Bahari haina mwenyewe"

Inaye. Hifadhi za taifa za bahari za Malindi na Watamu zipo tangu 1968, na ndani yake huvui hata kwa mshipi wa mkononi. Mpaka wake hauonekani juu ya maji, lakini nahodha anaujua. Wewe kazi yako ni kuuliza kabla ya kulipa kama kibali cha uvuvi wa burudani kimo ndani ya bei. Akianza kuzungukazunguka, tafuta mwingine.

Hapo hapo niwaseme wale wanaokubaliana na kijana ufukweni awatoe nje kwa ngalawa kwa elfu tatu. Ngalawa ndani ya mwamba ni raha, mimi mwenyewe naipenda kuliko boti. Nje ya mwamba bila koti la kuokolea na bila redio, usinipigie simu.

"Mimi nimezoea ziwa, sitapata kichefuchefu"

Watu wa Mwanza na Entebbe, nawaheshimu. Wimbi la ziwa ni fupi na kali. La bahari ni refu na la polepole, na tumbo halilijui. Waliozoea ziwa ndio huwa wa kwanza kulala ubavu. Kidonge cha safari humezwa kabla ya kupanda boti, si baada ya kuanza kutokwa jasho. Asubuhi kula mkate mkavu na tangawizi, mahamri na maharagwe yaache mpaka mrudi. Tazama upeo, usitazame simu.

"Bila ndege huwezi kufika"

Treni ya SGR ya Nairobi inakushusha Miritini, nje kidogo ya mji wa Mombasa. Ingia mjini, chukua matatu ya Malindi, mwambie utingo akushushe Gede, kisha tuktuk hadi Watamu. Wanne wakija hivi wanaokoa pesa ya nusu siku ya boti. Sharti langu ni moja: fika siku moja kabla ya kuvua. Anayepanga kushuka kwenye basi alfajiri na kuingia botini asubuhi ileile anakodi boti ya kulalia.

Na nyinyi wa Tanga, sielewi kwa nini mnapita Mombasa mkakimbilia Watamu. Vukeni Horohoro, mkitoka Lunga Lunga mnakata kwenda Shimoni, na mbele yenu ni mlango wa bahari wa Pemba, wenye kina kirefu karibu na pwani na nduaro msimu uleule wa kaskazi. Vyumba ni vichache huko, kwa hiyo shikeni mapema. Hifadhi ya taifa ya bahari ya Kisite, iliyo huko huko, hairuhusu uvuvi wowote. Nahodha atawapitisha pembeni yake mkielekea nje.