Vijidudu ndani ya mapafu yenye makovu

Kijana mmoja alimleta baba yake kutoka Pemba. Walisafiri na meli ya usiku, asubuhi wakanifikia hapa mjini Unguja, mzee anahema kwa ngazi chache tu. Mkobani mlikuwa na maganda matupu ya septrini, ile antibiotiki, na dozi moja ambayo haijaguswa. Kijana akaniuliza: "Dokta, TB mmesema hana. Kama ni vijidudu vinavyommaliza baba, si utuandikie dawa kali zaidi?"

Swali lile limenikaa moyoni, kwa sababu nusu yake ni kweli.

Mzee ana makovu ya mapafu. Nyama laini inayozunguka vifuko vya hewa imekakamaa, na hewa safi haipenyi tena kuingia damuni. Nikimsikiliza chini ya mgongo anapovuta pumzi, nasikia mchakacho kama wa makuti makavu yanayokanyagwa. Ugonjwa huu ukiwa haujulikani chanzo ndio mbaya zaidi: bila tiba, wengi huishi miaka 3 hadi 5 tangu wagundulike. Kulitamka hilo mbele ya mtoto wa mtu sijakuzoea hata leo.

Sasa hivyo vijidudu. Zamani tulisomeshwa kwamba pafu la mtu asiye mgonjwa halina bakteria. Si hivyo. Mwaka 2014 watafiti wa London waliyaosha mapafu ya wagonjwa 65 wenye makovu, wakapima vinasaba vya bakteria: walikuwa zaidi ya maradufu ya wale wa watu wasio na ugonjwa huu. Waliokuwa nao wengi zaidi ndio waliozidiwa upesi.

Lakini pafu lenye makovu lina matundu kama sega la nyuki, na makohozi hukwama humo. Pengine bakteria wamekuta nyumba mbovu wakahamia tu? Hilo lilinisumbua mpaka 2020, watafiti wa Japani na Marekani walipoonesha kwamba aina fulani ya bakteria waitwao stafilokokasi hutoa kipande kidogo cha protini walichokiita korisini, kinachozifanya seli za ukuta wa vifuko vya hewa zife. Panya wenye makovu walipopewa, walizidiwa ghafla. Na kwa wagonjwa ambao hali ilichafuka ghafla, korisini ilikutwa nyingi zaidi mapafuni. Kwa hiyo wapangaji hawa wengine wanabomoa nyumba.

Hapo ndipo kila mtu, mimi pia, alitegemea antibiotiki zitasaidia. Uingereza waliwapa wagonjwa septrini au vidonge visivyo na dawa, wagonjwa 342. Marekani wakajaribu septrini au doksisaiklini kwa wagonjwa 513. Matokeo yakatoka 2020 na 2021: hakuna nafuu, si katika vifo wala katika kulazwa. Kwa maoni yangu tulikuwa tunamwaga maji nyumba nzima wakati moto uko chumba kimoja. Pengine dawa itakayofaa ni ya kuizuia korisini yenyewe, na hiyo bado haijafika kwa mgonjwa.

Nikamweleza kijana hivyo, kisha nikamuuliza baba yake anatumia dawa gani nyengine. Losartani, ya presha. Nikashtuka: septrini pamoja na losartani huweza kupandisha potasiamu damuni mpaka moyo ukasimama. Tukapima damu siku ile ile.

Homa ikija, makohozi yakibadilika rangi, au pumzi ikikata kuliko jana, antibiotiki zina nafasi yake, lakini hospitali, si dukani. Mengine ni oksijeni, chanjo ya mafua na ya nimonia, kuacha sigara, na kutokaa kwenye moshi wa kuni. Zipo dawa zinazopunguza kasi ya makovu, kama pirfenidoni na nintedanibu; ni ghali mno, na kuyafuta makovu haziwezi.

Kijana akaitoa ile dozi mkobani akaniwekea mezani. Mzee, aliyekuwa kimya muda wote, akasema: "Basi mwanangu, hiyo oksijeni tunaipataje kule kwetu?" Nikavuta kiti, tukaanza kupiga simu.